Miaka saba tulikuwa marafiki wa michango ya harusi, hadi tulipopanda Elgon (uzi mrefu)

Mtoto wa Kambini:
Habari zenu nyote. Uzi huu ni mrefu, lakini ukiwa kwenye takisi ya Mukono saa kumi na mbili jioni utaumaliza kabla hujafika Kireka.

Kwanza niseme Kiswahili changu ni cha kambini. Baba alikuwa mwanajeshi, nimekulia Jinja kwenye nyumba ambazo Mwacholi, Mlugbara, Mteso na Muganda wote waligombana kwa Kiswahili. Kwa hiyo walimu wa ngeli mnisamehe mapema.

Nina miaka 28, nauza dawa kwenye duka la jumla Kampala. Chuoni tulikuwa wasichana watano, chumba kimoja cha hosteli, sufuria moja, pasi moja. Majina yao siyatoi, nitatumia yale ya chumbani: Mwalimu, Shangazi, Mrefu na Kasuku. Tulipomaliza chuo tukafungua grupu la WhatsApp, tukaapa hatutaachana.

Hatukuachana. Ila nikitazama nyuma, kwa miaka ile tulionana wapi? Kwenye mikutano ya michango ya harusi. Mnaijua: unakaa kwenye kiti cha plastiki, mshereheshaji anakutoza faini kwa kupishanisha miguu, unaahidi laki moja huna, unakula kipande cha keki, unapanda boda unarudi zako. Halafu misiba, halafu karamu ya mtoto wa mtu. Grupu lenyewe lilikuwa "heri ya kuzaliwa mpenzi" na namba za kutumia pesa. Mambo yangu halisi, kwamba Jumapili nalala hadi saa saba mchana na kuamka nikiwa nimechoka zaidi, hakuna aliyeyajua. Nami sikuyajua yao.

Siku moja Mwalimu alikuja kwangu na kadi ya mchango ya binamu yake. Nilikuwa na hasira za mwisho wa mwezi, nikamwambia: mimi harusi za watu nisiowajua nimemaliza, hiyo 30,000 afadhali tule gonja, ndizi za kuchoma, njiani tukienda popote. Akacheka, kisha akauliza, "Popote wapi?"

Tukaenda msitu wa Mabira.

Jamani, Mabira nimeipita tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Kila safari ya Jinja basi linasimama Najjembe, unanunua kuku wa kijiti na maji, safari inaendelea. Mwaka 2007 ilipotakiwa hekta zipatazo 7,100 za msitu ule zikatwe zilimwe miwa, watu waliandamana Kampala na wengine wakapoteza maisha. Nilikuwa mtoto, nakumbuka wakubwa wakizungumza kwa sauti ya chini. Watu walikufa kwa ajili ya miti ambayo mimi hadi miaka 26 nilikuwa naitazama kupitia dirisha la basi. Siku ile tulitembea saa tatu tu. Tulirudi na siafu kwenye soksi, na Mwalimu akaniambia kitu kuhusu mume wake ambacho alikuwa amekikalia miaka miwili. Tulikuwa tumefuatana kwenye kinjia chembamba, yeye mbele mimi nyuma. Nadhani aliweza kusema kwa sababu hakuwa ananitazama usoni.

Ndipo tukaanzisha kash raundi, mchango wa kila mwezi, lakini si ile ya kununuliana masofa. Watu watano, 30,000 kila mmoja kila mwezi, pesa haigawanywi, inakuwa safari. Tukaanza na mwamba wa Tororo, ule unaouona ukitoka Malaba. Kilele chake ni mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, ukiwa juu unaiona Kenya. Mrefu alilia kwenye ngazi kwa woga. Baadaye maporomoko ya Sipi. Halafu Shangazi, ambaye huwa hatosheki, akasema tupande mlima Elgon hadi kileleni, Wagagai.

Nitaendelea. Dukani wamekuja wateja.

Bodaboda wa Kisenyi:
Dada, nisikuvunje moyo, lakini haya ni mambo ya wenye mshahara na wazungu. Mimi nalala saa nne kwa siku. Mtu akiniambia nikatafute furaha mlimani nitamuuliza mlimani kuna abiria?

Kahawa Chungu:
Hahaha, mlimani abiria ni wewe na mgongo wako.

Endelea mleta uzi. Mimi ni wa Budadiri, hapo chini ya Elgon njia inapoanzia, nataka nione kama kweli ulipita kwetu au unatupiga hadithi.

Mtoto wa Kambini:
Bodaboda, sikupingi. Nitakujibu mwishoni. Kahawa, tulipita kwenu, na mama mmoja pale sokoni alituuzia malewa, machipukizi ya mianzi, yaliyokaushwa moshini akatucheka viatu vyetu.

Haya. Kulipa kiingilio, waongoza njia wawili, wapagazi, chakula, nauli ya kwenda Mbale na kupanda Budadiri, vilikula akiba yetu ya miezi kumi na moja yote. Wanaojua ile njia ya kupandia Budadiri, inayoitwa Sasa, wanajua kwamba siku ya kwanza haina salamu. Unaanza kwenye migomba na kahawa ya watu, watoto wanakusindikiza, halafu unakutana na ukuta wa miamba wa Mudangi, unapanda, unaingia kwenye mianzi, unapanda tena. Siku hiyo moja unapandisha zaidi ya mita 1,600. Kwenye mianzi mvua ikatukuta. Hapo mtu yeyote mwenye tabia ya kujificha anaonekana alivyo.

Kasuku alikuwa amebeba spika. Ile kubwa ya bluetooth, nyeusi, yenye taa. Ili iingie kwenye begi alikuwa ameacha Mbale fungu lake la mchele na sukari, bila kutuambia. Tulijua tulipofika kambi ya Mto Sasa, tumelowa, meno yanagongana, tukafungua mabegi tupike.

Sasa mjue jambo moja. Kasuku alikuwa na deni langu la 400,000, mwaka na nusu. Aliniambia ni msiba wa shangazi yake. Sikuwahi kumdai, maana sisi ni marafiki, na marafiki wa Kampala wanadaiana kwa kunyamaza. Lakini nilipoiona ile spika ikiwaka taa za buluu kwenye mvua, nikasikia mdomo wangu ukisema mbele ya watu wote, wapagazi wakiwemo, "Pesa ya spika unayo, pesa yangu huna?"

Akajibu. Nikajibu. Mrefu akaingilia, naye akaambiwa yake, kwamba hajawahi kuchelewa mchango wa harusi ya mtu yeyote lakini wa kwetu anakumbushwa kila mwezi. Shangazi akataka kutoa hekima, wote tukamgeukia. Miaka saba ya urafiki na huo ndio ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza.

Mjini ugomvi kama ule ungeishaje? Ningeita boda. Ningefika kwangu, ningetoka kwenye grupu, baada ya mwezi mtu angenirudisha, tungeandikiana "heri ya Krismasi" na tusingegusa jambo hilo tena hadi tunazeeka. Mlimani hakuna boda. Mahema yalikuwa mawili, mfuko wa kulalia wa Kasuku ulikuwa umelowa, wangu mkubwa. Nikamwambia ingia. Tukalala tumepeana migongo kama mume na mke wa miaka thelathini.

Mama Pacha:
😂😂 Migongo! Endelea, maharage yangu yanaungua kwa sababu yako.

Daktari wa Zamu:
Kabla hujaendelea niulize, mlipanda mita 1,600 siku moja na kesho yake mkaendelea juu? Naona hadithi inapoelekea.

Mtoto wa Kambini:
Daktari, umeona sawasawa.

Siku ya pili tulitembea kimya hadi pango la Mude, mita 3,500 hivi. Miti inaisha, inaanza nyika na yale mimea ya ajabu yaliyovaa majani makavu kama makoti, lobelia kubwa kuliko mtu. Ningekuwa na furaha ningepiga picha. Kasuku alikuwa anabaki nyuma. Nilidhani amenuna. Tulipofika hakula, akasema kichwa kinampasuka, akatapika. Mwongoza njia mkubwa akamuuliza maswali mawili matatu, akamfanya atembee mstari ulionyooka kwenye nyasi, kisha akasema huyu kesho hapandi. Usiku akizidi, tunashuka naye usiku huo huo.

Saa kumi alfajiri Shangazi, Mrefu na Mwalimu wakaondoka na mwongoza njia mmoja. Mimi nilibaki.

Kahawa Chungu:
Ulibaki?? Kwa hiyo picha ya Wagagai uliyoiweka kwenye wasifu wako hapa si yako?

Mtoto wa Kambini:
Ni ya Mrefu. Mwenye kofia nyekundu ni Shangazi. Mimi Wagagai sijafika hadi leo, mita 4,321 naijua kwa kuambiwa.

Msinivike taji la wema. Nilikuwa na malengelenge visigino vyote viwili, na usiku ule nilikuwa nimeshaanza kutafuta sababu ya kutopanda. Kasuku alinipa sababu. Tena alijua, akaniambia, "Usijifanye unaniuguza."

Kulipopambazuka nyasi zilikuwa na sakitu nyeupe. Tukakaa nje ya pango na vikombe vya uji usio na sukari, mnajua kwa nini hauna sukari. Spika ilikuwa imekufa chaji kwa baridi, akawa ameikalia kama kigoda. Ndipo akaniambia hakukuwa na msiba wowote. Ile 400,000 yangu pamoja na zake alimpa wakala aliyeahidi kumtafutia kazi Uarabuni. Vipimo vya afya akafanya, picha za pasipoti akapiga. Siku ya kwenda kuchukua tiketi akakuta ofisi ina kufuli na wasichana wengine kumi wamesimama nje na masanduku. Alikuwa ametuaga sote. Tulimfanyia hadi karamu. Kwa hiyo akajifungia kwa dada yake Nansana miezi minne, simu imezimwa, sisi tunajua yuko Dubai na mtandao ni mbaya. Alipotokea akatuambia mkataba umekatizwa. Na ile spika? Ndiyo mali aliyonunua kwa mshahara wa kwanza wa kazi aliyopata baadaye. Alitaka aonekane amefika na kitu.

Sikujua niseme nini. Nikamwambia, "Kumbe ile karamu ya Dubai tulikula bure." Akaanza kucheka, akashika kichwa kwa maumivu, akaendelea kucheka, akatapika tena. Mwongoza njia akaja mbio akidhani amezidiwa.

Wengine wakarudi saa saba mchana. Wanasema juu kulikuwa na ukungu, hawakuona Kenya wala Uganda.

Daktari wa Zamu:
Nashukuru mlikuwa na mwongoza njia mwenye akili. Niseme kidogo kwa wengine, maana vijana siku hizi wanapanda kwa ajili ya picha. Kuanzia mita 2,500 hivi mwili unaweza kuanza kulalamika: kichwa, kichefuchefu, usingizi wa kukatika. Kwenye kilele cha Elgon mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 60 tu ya ule wa ufukweni. Uwe mwanariadha, uwe mwanajeshi, haijalishi. Ukiumwa kichwa na kichefuchefu, usipande zaidi. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, au anahema akiwa amekaa, hiyo si ya kusubiri asubuhi, anashuka saa hiyo hiyo. Kile kipimo cha mstari ulionyooka ndicho tunachokifundisha pia. Na asiachwe peke yake kambini, kwa hiyo malengelenge yako yalifanya kazi nzuri.

Binti wa Kapchorwa:
Mimi nasoma nacheka. Mlima huo bibi yangu aliupanda akifuata ng'ombe, babu kwa asali, majirani zetu Wamasaaba kwa malewa. Hakuna aliyekuwa akitafuta furaha. Hapa kwetu watoto wanakimbia milimani kwenda shule, ndiyo sababu mnawaona wakimbiaji akina Cheptegei. Alipovunja rekodi ya mita 5,000 kule Monaco mwaka 2020, kwa 12:35.36, kijiji kizima kilisema si ajabu, ni kushuka na kupanda tu.

Lakini siwadharau wa mjini. Ombi langu: msije Machi hadi Mei kwa sababu likizo imewafaa. Udongo wa huku ukishiba maji unatembea. Bududa mwaka 2010 ulifukia watu wengi, Bulambuli Novemba 2024 tena. Njooni Desemba hadi Februari, au Juni na Julai. Na mkija Sipi mchukue vijana wa pale pale wawaongoze, msishuke peke yenu hadi lile poromoko la karibu mita 100 eti mmeangalia ramani ya simu.

Mama Pacha:
Swali la mwanamke kwa mwanamke. Nina miaka 30, pacha wana miaka minne, mume hana neno lakini mama mkwe anaona mwanamke kulala hemani ni uhuni. Nyinyi mliwaambiaje nyumbani?

Mtoto wa Kambini:
Dada yangu, Mwalimu ana mtoto. Aliaga kwamba anaenda kwenye semina. Shangazi akakataa, akasema safari haianzi na uongo. Akampigia mama mkwe wa Mwalimu mwenyewe, akamwambia tarehe, njia, namba ya ofisi ya hifadhi Budadiri, na kwamba wote ni wanawake. Bibi yule akauliza swali moja tu: "Mtakula nini?" Safari zilizofuata amekuwa akitufungia karanga. Sisemi wako atakuwa hivyo. Wewe anza na za kwenda na kurudi siku moja, pacha wabaki na baba yao waone rangi zake.

Mzee wa Kilembe:
Vijana, mimi si kijana, lakini nimefuata harufu ya mlima. Huku Kasese Kiswahili tulikikuta mgodini, shaba ilipokuwa shaba. Rwenzori yetu ni mita 5,109 pale kilele cha Margherita, ya tatu Afrika. Mkija, Elgon mtaiona ni bustani. Matope ya kinamasi cha Bigo yanakufika magotini, viatu vya bei ghali vinaachwa humo. Chukueni gambuti, zile zile za kwenda shambani, Wakonzo wanaobeba mizigo wanavaa hizo hizo.

Na mkitaka barafu mje mapema. Nilipokuwa kijana tuliiona kutoka chini, nyeupe kabisa asubuhi isiyo na mawingu. Mwaka 1906 wale Waitaliano walipopanda, barafu ya mlima wote ilikuwa kilomita za mraba zaidi ya sita. Sasa haifiki hata moja. Rafiki yangu tuliyekuwa tukibeba naye mizigo ya watalii tulizoea kukaa kibarazani kuitazama, sasa tunakaa pale pale tunatazama mahali ilipokuwa.

Bodaboda wa Kisenyi:
Nimerudi. Nimesoma yote nikiwa stejini, nimeacha abiria wawili.

Nilisema ni mambo ya wenye mshahara. Halafu nikakumbuka nimewahi kutembea zaidi ya kilomita 200 kwa mguu bila shilingi, sema sikuiita hivyo. Mwaka 2019 nilitoka Mbale na kundi la parokia kwenda Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda. Tulikuwa tunalala kwenye madarasa na makanisa njiani, watu wanatoka na posho na maharage wanatulisha bila kutujua. Siku ya nne nyayo zangu zilikuwa nyama tupu. Kuna jamaa watatu nilitembea nao, mmoja alikuwa anachoma sindano kwenye mwali wa mshumaa anatutoboa malengelenge kila usiku, anafanya mzaha kwamba mashahidi walichomwa moto na sisi tunalia kwa sindano. Hadi leo boda ninayoendesha tumenunua sisi wanne kwa zamu, kila mtu ana yake sasa. Hao ndio watu ninaoweza kuwapigia saa nane usiku.

Sijui kama nilikuwa na furaha. Miguu iliniuma sana. Ila nikisikia wimbo wa kwaya ile mwili unasisimka.

Mtoto wa Kambini:
Bodaboda, umenijibia swali nililokuwa nimekuwekea mwishoni.

Nami sikuwa na furaha Elgon, kama tunasema ukweli. Nilikuwa na baridi, hasira na visigino. Furaha ilinikuta wiki mbili baadaye, Jumanne, nikiwa dukani nahesabu maboksi ya amoksilini. Simu ikalia, pesa imeingia, 20,000 kutoka kwa Kasuku, na ujumbe: "Awamu ya kwanza. Zimebaki 380. Na sukari nakuomba radhi." Nikacheka peke yangu hadi bosi akaja kutazama. Tangu hapo analipa anapoweza, na akikosa ananiambia amekosa. Grupu halina tena "heri ya kuzaliwa mpenzi". Kuna kelele tupu mle, mtu anamsema mtu, mtu anaomba ushauri wa kipele.

Mama mmoja ameniandikia pembeni akiuliza kama tunapokea wageni. Tunapokea. Si mlima wakati huu, mfuko wetu bado mwembamba. Jumamosi tunaenda Ssezibwa, maporomoko madogo tu, eneo la urithi la Buganda, kwa hiyo mvae kwa heshima na msitupe chupa majini. Tunakutana stendi ya takisi Mukono saa moja asubuhi. Kila mtu abebe chakula chake NA akionyeshe kabla hatujaondoka. Hii sheria ina historia.

Mama Pacha:
Nakuja. Mume nimeshamwambia, ameuliza pacha wanakula nini asubuhi. Miaka minne, ameuliza leo.

Bodaboda wa Kisenyi:
Jumamosi asubuhi ndiyo pesa, lakini nimewaambia jamaa zangu wa Namugongo, mmoja anataka kuja pia. Wanaume mnaruhusu? Na naweza kuja na boda hadi kule kwenye maji?

Mtoto wa Kambini:
Safari za mchana wanaume ruksa. Boda uiache Mukono. Tukigombana njiani usije ukatukimbia.